Karatasi ya Kutokea Jeshini: Kosa, Maradhi na Haki ya Kusomwa Upya

Mhadhara kwa wazee, vijana na wasaidizi wa kisheria wa wilaya za Handeni na Korogwe



Nianze na mama mmoja. Alinikuta siku ya gulio pale Mkata, akanisubiri nimalize kununua, kisha akanivuta pembeni, chini ya mwembe. Akafungua pindo la kanga, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka kambini kwa kosa la bangi. Akaniambia, "Mwanangu, mimi kusoma sijui. Nisomee maneno yote, usinifiche hata moja." Nikamsomea. Haikuchukua hata dakika. Palikuwa na tarehe, namba ya kijana, na sentensi moja kwamba ameachishwa kwa utovu wa nidhamu. Nusu ya chini ya ukurasa ilikuwa tupu. Mama akaichukua karatasi, akaigeuza aone kama upande wa pili kuna kilichobaki, akaniuliza: "Basi, ndiyo hayo tu? Mwaka na miezi minane mtoto ameamka alfajiri, amelima, amelinda lindo, amenyeshewa. Yote ndiyo hayo?"

Jina la kambi silitaji, wala la kijana, kwa sababu sikuja hapa kumshitaki mtu. Lakini swali la mama yule sijaweza kulitua, na ndilo lililonileta. Nina jambo moja la kusema, nalo ni hili: askari aliyetumia dawa za kulevya ahukumiwe kwa kosa lake; ila karatasi ya kutokea jeshini ieleze utumishi wake wote, na aliyebadilika awe na haki ya kuomba karatasi ile isomwe upya.

Kwa nini hapa

Jeshi kwa watu wa Handeni si habari ya mbali. Kambi ya JKT ya Mgambo, kikosi namba 835, iko wilayani humu, na mkoa wetu una Maramba pia, upande wa Mkinga. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo yake ya lazima yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013. Wapo wanaoingia kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, na wapo wanaojitolea. Hao wa kujitolea ndio wengi wa watoto tunaowajua: waliomaliza kidato cha nne, wakakosa njia, wakaona bora wakavae kombati kuliko kukaa kijiweni.

Mtoto wa mkulima wa mahindi wa Handeni, au wa mkata mkonge wa Korogwe, harithi nyumba ya kupangisha wala duka. Cheti cha JKT ndicho shamba lake. Tangazo la nafasi za kuandikishwa Jeshi la Wananchi (JWTZ) linapotoka huuliza cheti hicho. Kampuni za ulinzi za mijini nazo huuliza ulipitia wapi na ulitokaje. Kwa hiyo kijana anaporudi bila cheti, akiwa na barua ya kufukuzwa, ujue amerudi akiwa nyuma ya alipokuwa kabla ya kwenda. Zamani alikuwa kijana asiye na kazi. Sasa ni kijana asiye na kazi ambaye jeshi limemkataa kwa maandishi.

Na dawa zenyewe? Tuseme ukweli mbele ya wazee wetu. Tunakaa kando ya barabara kuu. Pale Segera njia moja inashuka Tanga, nyingine inapanda Korogwe, Mombo, Same hadi Moshi. Mirungi, ambayo Kenya ni zao halali la biashara, kwetu ni marufuku, na katika milima ya Same Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikifyeka mashamba yake. Bangi haihitaji kusafirishwa kutoka mbali. Unga, yaani heroini, huingia kwa njia ya pwani, na pwani ni jirani yetu. Kijana wetu hajifunzi haya yote kambini. Mara nyingi huingia nayo kambini kutoka kijiweni kwetu, nasi tukaja kushangaa jeshi limemfanya nini.

Watu watatu ndani ya neno moja

Maneno "kosa la dawa za kulevya" yamebeba watu watatu wasiofanana hata kidogo.

Wa kwanza ni mjaribu. Ana miaka 19, yuko mbali na kwao kwa mara ya kwanza, zamu ya usiku ni ndefu, mwenzake anawasha msokoto anampokeza. Anavuta. Amekosa, na adhabu anastahili. Lakini ukimwacha akakua, mara nyingi atakuja kuwa baba anayewakemea wanawe wasifanye alichofanya yeye.

Wa pili ni mgonjwa. Huyu alianza kama yule wa kwanza, kisha mwili ukazoea. Anayetumia unga hana asubuhi ya paredi. Asubuhi yake ni arosto. Viungo vinauma, tumbo linakata, kamasi zinamtoka, jasho la baridi linamchuruzika, na hakuna afande wala fimbo inayoweza kuuamrisha mwili wake utulie. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu katika orodha ya magonjwa. Nchi yetu nayo imekubali hivyo kwa vitendo: mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadone kwa waraibu wa heroini, na huduma hiyo imefika hata Tanga mjini, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Serikali haijengi kliniki kwa ajili ya utovu wa nidhamu. Hujenga kliniki kwa ajili ya wagonjwa.

Wa tatu ni mfanyabiashara. Huyu huingiza kete kambini, huwauzia makuruta, huwakopesha wakishindwa kulipa, kisha huwageuza watumwa wake. Huyo sikuja kumtetea.

Sentensi ile niliyomsomea mama ingeweza kuandikwa kwa yeyote kati ya hawa watatu. Mwajiri wa Dar es Salaam akiisoma hawezi kujua aliyesimama mbele yake ni yupi. Na kwa kuwa hajui, atafanya wafanyavyo watu wote wenye hofu: atamhesabu kuwa ni yule mbaya kuliko wote.

Haki ya jeshi

Naomba nisieleweke vibaya, hasa na ndugu zangu wastaafu wa jeshi niliowaona mmekaa mbele. Jeshi lina haki ya kuwa kali. Wote tunakumbuka milipuko ya ghala za silaha za Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Siitaji kwa sababu dawa za kulevya zilihusika. Nimeitaja ili tukumbuke ni dhamana ya namna gani anakabidhiwa mtu anayelinda silaha, na ni watu wangapi wanalala karibu yake wakimwamini. Mlinzi wa ghala hawezi kuwa na kichwa kizito. Dereva wa lori la askari hawezi kushika usukani huku mikono inamtetemeka. Kamanda anayemwondoa mtu huyo kwenye lindo anaokoa roho za watu, naye anastahili shukrani zetu.

Lakini kumwondoa mtu kwenye lindo ni jambo moja, na kumpa alama ya kudumu ni jambo la pili. Mtu anaweza kuwa hafai kushika bunduki leo, akafaa kushika jembe, nyundo au usukani wa bajaji kesho. Kwa hiyo ninapozungumzia karatasi kusomwa upya, sizungumzii kurudishwa kazini. Haya mawili watu huyachanganya, na jeshi likisikia ombi la kwanza huogopa kwamba linaombwa la pili. Kijana wetu anachoomba ni maneno ya haki kuhusu aliyoyafanya, ili aweze kuishi uraiani.

Ufagio wa Mwanza

Wapo watakaosema: karatasi ni karatasi tu, mtu hujulikana kwa kazi yake. Kwao nina kisa.

Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipita Korogwe yakaingia Handeni, yakiwasukuma Wajerumani kuelekea kusini. Katika jeshi la Wajerumani walikuwemo askari wengi Waafrika, wengine wakatembea na kamanda wao, Lettow-Vorbeck, mpaka mwisho wa vita mwaka 1918. Vita vilipokwisha wakatawanyika, na mishahara yao mingi ikabaki deni. Miaka 46 ikapita. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi likaidhinisha fedha za kuwalipa waliokuwa hai bado. Vitabu vinavyosimulia vita ile vinaeleza kwamba ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza, na wazee zaidi ya mia tatu wakajitokeza. Waliokuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918 walikuwa wachache mno. Wengine walileta vipande vya sare iliyochakaa. Wengine hawakuwa na chochote ila midomo yao.

Aliyetumwa kulipa akakwama, kisha akapata shauri. Kila mzee akapewa ufagio, akapewa amri za gwaride kwa Kijerumani: bega, teremsha, toa heshima. Inasimuliwa kwamba hata mmoja hakushindwa. Mikono ya wazee wa miaka sabini ilikumbuka yale ambayo karatasi ilikuwa imeyapoteza.

Nakipenda kisa hiki, nacho kinaniumiza. Kinaniumiza kwa sababu kwa kila mzee aliyefika Mwanza, wapo waliokufa njiani katika miaka ile 46 bila kupata mtu wa kuwapa hata ufagio. Na kinanifundisha kwamba utumishi ni jambo la kweli linalobaki mwilini mwa mtu, karatasi ikiusema au isiuseme. Kijana wa yule mama naye ukimpa ufagio leo atapiga kwata bila kukosea hatua. Tofauti yake na wazee wale ni moja: wao karatasi zilipotea, yeye karatasi anayo, nayo imeukana mwaka wake mzima na miezi minane.

Milango iliyopo

Sasa nije kwenye sheria, kwa kuwa huku ndiko watu wetu wanakopotea njia na kupoteza muda.

Mlango wa kwanza ambao watu hukimbilia si mlango wao. Mtu akifukuzwa kazi kiwandani huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wazazi wengi hudhani mwanajeshi naye huenda huko. La. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imesema wazi mwanzoni kabisa kwamba haiwahusu wanajeshi wa JWTZ, Polisi, Magereza wala JKT. Ukifungua shauri huko utarudishwa, na miezi itakuwa imekwenda.

Mwanajeshi yuko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, ambayo ndani yake mna kanuni za nidhamu na mahakama za kijeshi. Kwa hiyo njia ya kwanza ni ya ndani: malalamiko kwa ngazi za juu yake, au rufaa kama alihukumiwa na mahakama ya kijeshi. Njia hiyo isirukwe. Mahakama za kiraia zina desturi ya kuuliza kwanza kama mlalamikaji amemaliza njia zilizopo kabla ya kubisha hodi kwao.

Njia ya pili ni Mahakama Kuu, ambayo kwetu sisi iko Tanga. Katiba yetu, katika Ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote haki ya kusikilizwa kikamilifu, na haki ya rufaa au nafuu nyingine ya kisheria. Kwa msingi huo mtu anaweza kuiomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa mamlaka ya umma. Lakini kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza muda: kanuni za mwaka 2014 zinataka maombi ya ruhusa yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Pili, Mahakama haitakuuliza kama bangi ni mbaya au si mbaya. Itauliza kama aliyekuhukumu alikuwa na mamlaka, kama ulielezwa kosa lako, kama ulisikilizwa, kama sheria ilifuatwa. Kama yote yalifuatwa, mlango huo hautakufaa, hata kama umebadilika ukawa mtakatifu.

Njia ya tatu ni huruma ya mkuu wa nchi. Ibara ya 45 inampa Rais uwezo wa kumsamehe aliyetiwa hatiani na mahakama. Na kama Amiri Jeshi Mkuu, neno lake katika jeshi ni la mwisho. Tumeona likifanya kazi. Aprili 2021, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana 854 wa JKT wameachishwa baada ya kugoma na kuandamana wakidai ajira. Kesi yao haikuwa ya dawa za kulevya, lakini kwa kijeshi kosa lao lilikuwa zito kuliko msokoto wa bangi. Mwaka uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan akawasamehe, wakaitwa warudi kambini. Nilifurahi siku ile, na nyumba nyingi nchini zilifurahi. Siku ile ilithibitisha kwamba uamuzi wa kijeshi unaweza kutazamwa tena, na jeshi lisivunjike wala nidhamu isife.

Ila msamaha ule ulifunika kundi zima kwa wakati mmoja. Kijana mmoja wa Handeni aliyefukuzwa peke yake, siku ya kawaida, bila magazeti kuandika, atasamehewa pamoja na nani? Hapo ndipo panapohitaji utaratibu ambao mtu mmoja anaweza kuutumia, wenye masharti yanayojulikana, usiongojea habari kubwa.

Wengine walivyofanya

Marekani walilipata tatizo hili kwa wingi wakati wa vita vya Vietnam. Askari wengi walitumia heroini kule. Agosti 1971, Waziri wa Ulinzi Melvin Laird alielekeza kwamba walioachishwa kiutawala kwa karatasi mbaya kwa sababu tu ya kutumia dawa wao wenyewe, au kukutwa nazo kwa matumizi yao, waruhusiwe kuomba karatasi zao zitazamwe upya. Waliouza hawakuhusika. Angalieni: mjaribu na mgonjwa walitenganishwa na mfanyabiashara, jambo lile lile tulilosema hapa.

Wakati huohuo mtafiti Lee Robins aliwafuatilia askari waliorudi nyumbani Septemba 1971. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa mraibu akiwa Vietnam. Watu wakategemea miji ya Marekani ifurike mateja. Lakini katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni takriban asilimia 5 tu ya wale waraibu waliorudia uraibu. Walipotoka kwenye vita, upweke na heroini ya bei rahisi, wakarudi kwa mama zao, wake zao na kazi zao, wengi waliacha. Nawaomba wazazi mlikumbuke hili usiku mnapokata tamaa. Na mwajiri alikumbuke pia: aliyotenda mtu katika mazingira fulani si unabii wa maisha yake yote.

Marekani wana bodi za kudumu za kupitia namna askari alivyoachishwa, zilizotokana na sheria ya mwaka 1944. Aliyeachishwa ana miaka 15 ya kuomba, na baada ya hapo ipo bodi nyingine ya kusahihisha kumbukumbu. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliagiza bodi ziwafikirie kwa upole wale ambao makosa yao yalitokana na majeraha ya akili ya vitani. Mwaka 2017 ukatoka mwongozo wenye maswali manne, nami nauona unafaa hata chini ya mwembe wa Mkata. Je, mtu huyu alikuwa na maradhi, au alipatwa na jambo, linaloweza kueleza kosa lake? Je, hali hiyo ilikuwepo au ilimpata akiwa jeshini? Je, kweli inapunguza uzito wa kosa? Na je, inauzidi uzito huo?

Maswali manne, na hakuna hata moja linalosema kosa halikuwepo. Sitaki tuige nchi nyingine kama kasuku. Wao wenyewe wameonea wengi kwa karatasi hizo, na maombi mengi bado hukataliwa. Lakini swali zuri halina uraia.

Jinsi ya kuomba

Niwageukie sasa vijana wenyewe, pamoja na wasaidizi wa kisheria, ambao tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 mnatambuliwa rasmi na mna wajibu kwa watu hawa.

Kwanza, usidanganye. Kama ulivuta, andika kwamba ulivuta. Anayeomba karatasi isomwe upya asianze kwa kuomba historia ifutwe. Nimesoma barua nyingi zinazoanza na "nilisingiziwa", na ukurasa wa pili zinaomba msamaha. Mwenye kuamua akiona hivyo huifunga bahasha. Kama kweli ulisingiziwa, sema hivyo tangu mwanzo hadi mwisho, na ulete ushahidi. Kama ulikosa, barua yako iwe na maneno mepesi kama haya: "Nilivuta bangi nikiwa lindoni. Nilikamatwa, nikaadhibiwa, na adhabu naikubali. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetumikia miezi 20 bila kosa lingine. Tangu nitoke sijatumia tena, na hawa ndio mashahidi wangu. Naomba utumishi wangu utajwe pamoja na kosa langu."

Pili, kusanya karatasi kabla ya kuandika. Barua ya kuandikishwa, barua ya kuachishwa, hati ya mashitaka kama ulipewa, picha na vyeti vya mafunzo. Omba nakala kwa maandishi, na ubaki na nakala ya ombi lako iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Neno la mdomo getini halina tarehe.

Tatu, hesabu miezi. Siku unayopokea barua ndiyo siku ya kumtafuta msaidizi wa kisheria. Usingoje hasira ya baba ipoe. Hasira ya baba itapoa tu, lakini miezi 6 haimsubiri mtu.

Nne, tibiwa, na utibiwe kwa kumbukumbu. Methadone ni kwa aliyetumia heroini na jamii yake. Haitibu bangi wala mirungi. Tena hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kwa mtu wa Handeni kwenda Bombo kila siku na kurudi ni jambo lisilowezekana. Wengine hulazimika kuhamia kwa ndugu Tanga mjini, au kukaa katika nyumba za upataji nafuu. Ugumu huo wenyewe ni ushahidi: mtu aliyeamka kila siku mwaka mzima akaifuata dawa ameonyesha nidhamu ambayo hata paredi haimdai askari. Ombeni barua kutoka kliniki. Na wa bangi naye aende kwa daktari au mshauri wa afya ya akili, jina lake liandikwe kwenye daftari.

Tano, leta watu. Mwenyekiti wa kijiji, imamu, mchungaji, fundi aliyekupa kazi, mwalimu. Lakini barua zao ziseme mambo waliyoyaona kwa macho yao. "Ni kijana mwema" haimsaidii mtu. "Amenifanyia kazi ya kupiga tofali tangu Januari, namwachia ufunguo wa stoo, na hakijapotea kitu" inamsaidia sana.

Ninachoomba

Kwa wenye mamlaka, nao ni watu wetu, naomba mambo matatu.

Kwanza, karatasi ya kutokea jeshini iwe na sehemu mbili: moja ya utumishi, muda gani na kazi gani, nyingine ya sababu ya kuondoka, ikitaja kama ni kutumia, kuugua, au kuuza. Pili, kuwe na utaratibu uliochapishwa kwa Kiswahili chepesi, unaomruhusu aliyeachishwa, baada ya muda utakaowekwa wa kuishi safi, kuomba karatasi yake itazamwe upya, kwa maswali yanayojulikana na majibu yenye sababu. Mzigo wa kuthibitisha uwe wa mwombaji; hilo ni haki. Tatu, anayejitokeza mwenyewe na kusema "naumwa, nisaidieni" kabla hajakamatwa, aanzie kwa daktari. Tukimwadhibu anayejitaja sawasawa na aliyefumaniwa, tunawafundisha wote kujificha, na anayejificha ndiye wa hatari ghalani.

Nasi huku nyumbani tuna deni letu. Tumewaona vijana hawa wakipita tukanong'ona "yule teja". Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini sisi aliyeteleza tunamsukuma. Jeshi likibadilisha karatasi leo, na kijiji kikabaki na karatasi yake ya mdomo, tutakuwa hatujafanya lolote.

Ndugu zetu Wasambaa wana maneno mawili ya kumpimia mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Zamani walimuuliza hivyo mfalme wao, kwa kuwa mvua na njaa walivihesabu kuwa juu yake. Leo tunaweza kumuuliza hivyo kila mwenye kalamu na muhuri. Sentensi anayoandika mwishoni mwa utumishi wa kijana, inaponya au inaharibu? Kuadhibu kunaweza kuponya. Mzazi yeyote hapa anajua. Lakini adhabu iponyayo ina mwisho, na aliyeadhibiwa anaujua mwisho wake uko wapi.

Mama yule, kabla hatujaagana, aliniomba nimwonyeshe kwa kidole mahali sentensi ilipoishia. Nikamwonyesha. Akaweka kiganja chake juu ya ile sehemu tupu ya chini, akaipapasa polepole, akasema, "Hapa pangetosha." Kisha akaikunja karatasi mara nne, akairudisha katika pindo la kanga.

Ni kweli, pangetosha. Pangetosha kuandika miezi 20, ekari alizolima, usiku aliolinda, na kosa lake pia, kwa jina lake halisi. Naiombea sehemu ile ya karatasi kalamu ya haki.